Mzee ana moyo kutanuka, NT-proBNP imetoka 4,180 halafu 390, familia imegawanyika. Naombeni ufafanuzi

MjukuuWaMvomero:

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa kuelewa hili jambo maana hapa nyumbani tumefika mahali hatusikilizani kabisa. Mzee wangu ana miaka 67, presha anayo miaka mingi ila dawa alikuwa anakunywa siku anazojisikia vibaya tu, mwezi wa tatu miguu ikaanza kuvimba, usiku hawezi kulala mpaka awekewe mito mitatu, akitoka chumbani kwenda chooni anahema. Tukampeleka hospitali wakapiga ECHO (ile picha ya moyo), moyo umetanuka na nguvu ya kusukuma damu imebaki asilimia 30. Akalazwa, wakamtoa maji, akarudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Sasa pamoja na vipimo vingine alipimwa damu kitu kinaitwa NT-proBNP ikatoka 4,180. Dokta alikuwa na foleni mpaka nje ya mlango, akatuambia tu iko juu sana moyo umechoka, basi. Dada yangu kaingia mtandaoni kasoma kwamba hicho kipimo ndo kinatumika kutabiri mgonjwa wa moyo ataishi muda gani, kaja kwenye kikao cha familia analia, anataka tuuze shamba mzee apelekwe India mwezi huu huu. Wiki iliyopita mzee karudi kliniki, safari hii hospitali nyingine maana ile ya kwanza ni mbali, wakarudia kipimo ikatoka 390. Bro mkubwa naye kaona 390 anasema mzee kapona, dawa zenyewe zinamchosha anakojoa usiku kucha, zipunguzwe.

Mi niko katikati. Je, kweli kuna kipimo cha damu kinachosema mtu kabakiza muda gani? Na hiyo 390 ni kupona?

ShangaziMage:

Pole sana mwanangu, Mungu amnyooshee mkono mzee. Mi sina utaalamu ila msipunguze dawa kwa maneno ya kikao. Marehemu mume wangu alipumzika dawa za moyo kidogo tu, kisa kajisikia nafuu, hakufika mbali. Subirini wenye fani waje.

MtuWaMaabara:

Pole mkuu. Kabla hatujaongea chochote hebu chukua yale makaratasi mawili ya majibu uangalie pembeni ya namba pameandikwaje. Yuniti. Niandikie hapa kama ilivyo, herufi kwa herufi. Na uhakikishe zote mbili zimeandikwa NT-proBNP, isije moja ikawa BNP peke yake, maana ni vitu viwili tofauti japo vinatoka kwenye mzazi mmoja, na namba zake hazilinganishwi hata kidogo.

MjukuuWaMvomero:

Asante shangazi, asante mkuu. Nimeyatoa. Zote ni NT-proBNP. La kwanza limeandikwa 4180 pg/mL. La pili 390 pmol/L. Sikuwa nimetilia maanani hapo.

MtuWaMaabara:

Nilihisi tu. Hapo ndo familia nzima inapogombania kitu ambacho hakipo. Ni sawa na mmoja anataja bei kwa shilingi mwingine anataja kwa dola halafu mnasema bei imeshuka. Kwa NT-proBNP pikomoli moja kwa lita ni sawa na pikogramu 8.457 kwa mililita, kwa hiyo hiyo 390 ukiizidisha unapata kama 3,298. Mzee hajatoka 4,180 kwenda 390, katoka 4,180 kwenda kama 3,300. Imeshuka, ndiyo, ila ni kama asilimia 21 tu, na hicho kipimo chenyewe kwa mtu yule yule kinapanda na kushuka siku hadi siku hata bila ugonjwa kubadilika, ukiongeza na mashine mbili tofauti basi mabadiliko ya asilimia 20 huwezi kuyasimamia kwamba ni nafuu.

Na mkikuta karatasi imeandikwa ng/L msishtuke, hiyo ni sawasawa na pg/mL, haina hesabu. Ila pmol lazima izidishwe. Mambo haya yanatokea sana mgonjwa akihama hospitali na mi naona maabara tungekuwa tunaandika yuniti kwa herufi kubwa kuliko hata jina la kipimo, maana mtu anapunguziwa dawa kwa ajili ya hicho kiandiko kidogo.

Bro wako mwambie taratibu, asipunguze chochote.

DktWaZamu:

Wakuu nimeuona uzi huu nikitoka wodini, niongezee kidogo maana mtu wa maabara kamaliza kazi kubwa.

NT-proBNP ni nini. Chumba cha moyo kikijaa damu kupita uwezo wake, ukuta unavutika, na ile misuli ikivutika inamwaga protini kwenye damu. Kadiri unavyovutika ndivyo inavyomwaga. Kwa hiyo kile kipimo kinatuambia moyo uko kwenye mzigo kiasi gani leo. Kwa mtu aliyekuja kliniki anatembea, chini ya 125 tunasema kushindwa kwa moyo hakuna uwezekano mkubwa, aliyekuja emajensi anahema tunatumia chini ya 300. Mzee mwenye 4,180 hapo hakuna ubishi. Ila jua pia figo zikichoka namba inapanda yenyewe kwa sababu figo ndo zinasaidia kuitoa, umri unaipandisha, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yanaipandisha, na mtu mnene inatoka ndogo kuliko hali halisi.

Sasa swali la dada. Ni kweli kabisa kwamba wenye namba kubwa, ukiwachukua kama kundi, wanafariki mapema na wanalazwa tena zaidi kuliko wenye namba ndogo. Hilo limeonekana kwenye tafiti nyingi mno. Lakini ni kundi, sio mzee wako. Hakuna namba ya damu inayokupa tarehe, na daktari anayekwambia miezi mingapi kwa kuangalia karatasi moja anakuumiza bure. Mfano wa huku kwetu Afrika, kuna utafiti unaitwa THESUS-HF, ulitoka 2012, wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kwenye nchi 9 zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri miaka 52 tu, yani watu wa kufanya kazi, na sababu kuu ilikuwa presha, wala sio mishipa ya moyo kuziba kama Ulaya. Ndani ya miezi 6 karibu 18 kati ya kila 100 walifariki. Ni wengi sana na mi inaniuma kila nikiisoma. Lakini geuza upande wa pili uone 82 walikuwepo, na wale walikusanywa kati ya 2007 na 2010 kabla ya baadhi ya dawa tulizonazo leo.

Ninachojali mimi kuliko namba ya kwanza ni inakwendaje. Ikishuka asilimia 30 au zaidi baada ya matibabu tunapumua, ikibaki pale pale au ikipanda tunajua huyu tumfuate kwa karibu. Mzee wako kwa 21 yuko hapo katikati, sio msiba na sio kupona. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuongeza dozi za dawa za msingi za moyo.

Halafu niandikie vile vipimo vingine vya kawaida, FBP (picha kamili ya damu) na figo na chumvi za damu. Hivyo watu wanavipita kwa sababu ni vya bei ndogo lakini vinaongea.

MjukuuWaMvomero:

Dokta Mungu akubariki. Nimempigia bro nikamsomea ile hesabu ya kuzidisha akanyamaza, akasema basi dawa ziendelee.

Majibu mengine haya ya hospitali ya pili: HB 9.6, MCV 74, RDW 18.9, kreatinini (ile ya figo) 148 na yuniti yake imeandikwa µmol/L (nimejifunza), sodiamu 131, potasiamu 5.2. Dawa anazotumia ni enalaprili, kavedilolo ile dozi ndogo kabisa, spironolaktoni, Lasix ya kutoa maji na aspirini ya mtoto. Dada kaona sodiamu iko chini anasema mzee aongezewe chumvi kwenye chakula maana tulimkataza.

DktWaZamu:

Simamisha hiyo chumvi leo leo kabla ya chakula cha usiku. Sodiamu 131 kwa mgonjwa wa moyo mara nyingi maana yake sio kwamba chumvi imeisha mwilini, ni kwamba maji yamezidi yakaichanganya ikawa nyepesi, ukimuongezea chumvi anavuta maji zaidi miguu inarudi kuvimba. Na ndo maana sodiamu ya chini, chini ya 135, ni moja ya alama za zamani kabisa za mgonjwa anayehitaji uangalizi, ilijulikana hata kabla hivi vipimo vya kisasa havijaja.

Ila kilichonigusa zaidi hapo ni HB 9.6. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Watafiti wa Muhimbili wakiongozwa na Dkt Abel Makubi waliwafuatilia wagonjwa wa moyo kushindwa pale Dar es Salaam, wakakuta zaidi ya nusu wana upungufu wa damu, na wale ambao upungufu wao ulikuwa wa madini ya chuma ndio waliofariki au kulazwa tena zaidi kuliko wengine. Zaidi ya nusu wakuu! Na HB ni kipimo ambacho hata zahanati inacho. Mtu anatafuta pesa ya vipimo vya kisasa kama galektini na ST2 na sijui nini wakati damu ni 9 na hakuna aliyeuliza kwa nini ni 9.

Hiyo MCV 74 inasema chembe nyekundu ni ndogo, na RDW 18.9 inasema hazilingani ukubwa, kuna kubwa na ndogo. Kawaida RDW inaishia 14 na kitu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipitia data za wagonjwa wengi wa moyo wakakuta hii RDW, ambayo mashine ya FBP inaitoa bila malipo ya ziada na hakuna anayeisoma, ni kati ya vipimo vilivyotabiri vifo kwa nguvu kuliko vingi. Sio kwamba RDW inaua. Inaonyesha mwili umechoka, lishe, chuma, uvimbe wa ndani kwa ndani, figo, vyote vinajikusanya pale.

Kwa hiyo mwombe daktari wake apime feritini na ile asilimia ya chuma kwenye damu inaitwa TSAT. Kwa mgonjwa wa moyo feritini chini ya 100 tunahesabu chuma hakitoshi, na hata kati ya 100 na 299 kama TSAT iko chini ya 20. Pili atafutiwe damu inapotelea wapi, anatumia aspirini, choo kipimwe kama kina damu, minyoo pia isisahaulike mtu wa shamba huyo. Na muulizeni hiyo aspirini aliandikiwa kwa sababu gani, kama mishipa yake haijaziba pengine hata haihitaji, lakini msiiache wenyewe.

MtuWaKisauni:

Poleni sana watu wa bara. Mimi niko Mombasa, mamangu alikuwa na shida hii hii na namba yake ilikuwa kubwa kuliko ya mzee wako, ilipita 9,000. Tulikuwa tushaanza kuitana watu. Kumbe damu ilikuwa 8 na ushei na alikuwa akivuja tumboni polepole kwa zile dawa za maumivu ya magoti alokuwa akinunua dukani mwenyewe bila kutuambia. Alikatazwa zile dawa, akatundikiwa chuma kwa mshipa, dawa za moyo zikapandishwa polepole, sasa hivi huenda sokoni Kongowea mwenyewe akarudi na kikapu. Namba haijawa ya mtoto, mara ya mwisho ilikuwa elfu moja na kitu. Lakini yeye yuko. Muulize mzee kama anatumia diklofenaki au bruffen kisirisiri, wazee hawasemi.

DktWaZamu:

Asante sana dada wa Kisauni, hilo la dawa za maumivu nilikuwa naliendea. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake zinashikilia maji na chumvi, zinaumiza figo, na zinatoboa tumbo, yani kwa mgonjwa huyu zinaharibu vitu vyote vitatu tunavyovipima. Magoti yakiuma apewe parasetamo.

Na chuma kwa mshipa ni kweli, vidonge vya chuma kwa mgonjwa wa moyo vilijaribiwa Marekani, majibu yakatoka 2017, havikumpa mtu nguvu zaidi ya vidonge vya bandia. Cha mshipa kinaongeza nguvu na kupunguza kulazwa, kwa vifo bado sio wazi sana. Kwa nchi zetu bei yake ni tatizo kubwa na dripu hizo hazipo kila mahali, nalijua hilo. Ulizeni bima inasemaje.

Mkemia_Mdogo:

Samahanini wakuu naomba niulize tofauti kidogo. Kama namba kubwa ni mbaya na ndogo ni nzuri si mgonjwa apimwe kila wiki na dawa ziongezwe mpaka namba ishuke? Nimeona hiyo NT-proBNP bei yake sio ya mchezo, je kweli inastahili kwa mtu wa kipato cha kawaida?

DktWaZamu:

Swali zuri sana na jibu lake linawashangaza hata madaktari. Hilo lilijaribiwa Marekani na Kanada, utafiti unaitwa GUIDE-IT, 2017, wagonjwa 894. Nusu dawa zao zilikuwa zinaongezwa kwa kufuata namba mpaka ishuke chini ya 1,000, nusu wakatibiwa kawaida. Matokeo yakawa sawa, asilimia 37 pande zote mbili walifariki kwa moyo au kulazwa tena. Kupima peke yake hakukumwokoa mtu.

Kilichookoa ni kingine. 2022 ukatoka STRONG-HF, ukafanyika nchi nyingi zikiwemo Msumbiji na Nigeria. Mgonjwa akishatolewa maji wodini, dawa za msingi zinapandishwa mpaka dozi kamili ndani ya wiki 2, anaonwa wiki ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6, na kila akionwa anapimwa presha, mapigo, figo, potasiamu, na NT-proBNP kuhakikisha hatujamsukuma kupita kiasi. Ndani ya siku 180 waliofariki au kulazwa tena kwa moyo walikuwa asilimia 15, wakati upande wa matibabu ya kawaida walikuwa 23. Walisimamisha utafiti mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Pale namba ilikuwa kama breki tu, mwendo ulikuwa ni dozi.

Sasa mtizame mzee wetu. Kavedilolo dozi ya kuanzia, katoka wodini siku nyingi, hakuna aliyeigusa. Dapagliflozini au empagliflozini, nazo ni dawa za msingi za moyo, hana kabisa. Ndo nasema kama pesa ni ya kipimo kimoja tu, mi ningeiweka kwenye kurudi kliniki mapema na kupima figo na potasiamu, NT-proBNP irudiwe mara moja baada ya dozi kupanda, sio kila wiki.

Na India. Kwanza mjue sababu ya moyo wake ni nini. Kama ni presha, dawa atakazopewa India ni hizi hizi. Kama kuna wasiwasi wa mishipa kuziba au valvu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar wanaangalia mishipa na kufanya upasuaji. Apewe dozi kamili miezi 3, ECHO irudiwe, nguvu ya kusukuma damu ikibaki asilimia 35 kushuka chini ndo maongezi ya kifaa cha kupandikizwa kwenye moyo yanaanza. Shamba lisiuzwe kwa hofu ya karatasi moja.

MjukuuWaMvomero:

Nimesoma yote mara mbili na nimemsomea dada, amelia tena ila safari hii tofauti. Na kweli mzee kakubali, alikuwa na diklofenaki chini ya godoro. Kliniki nimebadilisha tarehe tunaenda Jumatatu. Mawili ya mwisho: akipima tena NT-proBNP anatakiwa afunge kula? Na dada baada ya kukatazwa chumvi ya kawaida kanunua ile chumvi maalumu ya wagonjwa wa presha ya kwenye kopo, hiyo si haina shida?

MtuWaMaabara:

Kufunga sio lazima, ale tu na dawa anywe. Ila nendeni maabara ile ile kila mara, na ile karatasi ya zamani mwende nayo mkononi mumwonyeshe dokta zote mbili kwa pamoja. Mkilazimika kuhama maabara muulize yuniti kabla ya kulipa.

DktWaZamu:

Soma kopo nyuma. Nyingi ya hizo wamepunguza sodiamu wakaweka potasiamu kloraidi badala yake. Mzee potasiamu yake tayari 5.2, figo 148, anatumia enalaprili na spironolaktoni ambazo zote mbili zinapandisha potasiamu. Hiyo chumvi asiiguse kabisa, potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama bila onyo. Tumieni ndimu, tangawizi, kitunguu. Na Jumatatu ni mbali kwa hilo, kesho asubuhi apimwe potasiamu na kreatinini hapo hapo mlipo karibu, ikifika 5.5 mpigieni daktari wake siku hiyo hiyo apunguze spironolaktoni, ikizidi 6 mpelekeni hospitali muda ule ule msisubiri kupigiwa. Asubuhi hiyo hiyo mpime uzito kabla hajanywa chai, muandike, na kila siku hivyo hivyo, akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 msisubiri tarehe ya kliniki.